Maharage Ndani ya Viberiti

Kaka yangu aliporudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kwa likizo alikuja na masanduku mawili. Lile kubwa lilikuwa la zawadi, na kufikia jioni ya siku ya kwanza lilikuwa tupu, kwa sababu mtaa wetu haujui kuona haya. Lile dogo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Alikuwa amelipakata tangu Uvira, katika mashimo yote ya barabara ya Mboko na Nundu, na dereva alipotaka kulifunga juu ya gari pamoja na mizigo mingine, nusura washikane mashati. Majirani walisema ni kompyuta. Mimi nilisema moyoni ni chupa za pombe, maana namjua. Tulipolifungua tukakuta askari.

Askari wa plastiki, urefu wa kidole, kila mmoja amelazwa katika kishimo chake cha sifongo. Wengine walikuwa watu, wengine walikuwa na pembe, wengine walikuwa wamepanda vyura. Kulikuwa na mnyama mmoja mkubwa, ambaye ukimtazama huku ni ng'ombe na ukimtazama kule ni kiboko, amebeba mnara mgongoni. Kaka aliwatoa mmoja mmoja, akiwapuliza vumbi, taratibu kama mtu anayemvua viatu mtoto aliyelala.

Alinieleza kwamba huko Kanada anakoishi, kila Jumamosi, wanaume wazima wenye ndevu na kazi zao hukutana nyuma ya duka moja, wakazunguka meza, wakapiganisha majeshi ya nchi ambazo hazijawahi kuwepo. Wanapima hatua kwa rula, wanatupa dadu, na kuna kitabu cha sheria kinene kuliko cha nyimbo za kanisa. Askari unanunua wakiwa weupe, halafu unawapaka rangi mwenyewe kwa brashi yenye ncha ya sindano. Nilicheka hadi nikakaa chini.

"Yaya," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "kichwa yako imejaa mvi, na bado uko nacheza michezo ya batoto?"

"Kule giza inaanguka saa kumi," alisema. "Saa kumi ya muchana. Miezi na miezi. We ungefanya nini?"

"Ningelala."

"Mwaka ya kwanza nililala. Haisaidie."

Kicheko kiliniishia. Nilichukua mmoja wa wale wapanda vyura nikamgeuza geuza mkononi. Alikuwa na nyusi. Mtu alikaa gizani akampaka nyusi.

Sasa nisiwazungushe. Kaka hakuja kunionyesha vyura. Alikuja kumchukua Mama. Mambo ya ofisi yote alikuwa ameyamaliza, chumba alikuwa amekitayarisha, koti la baridi alikuwa amelileta. Kilichobaki ni Mama kukubali, na Mama kila akiulizwa alijibu neno moja: "Tutaona." Asubuhi tutaona, jioni tutaona. Likizo ilikuwa inakatika, na kaka alianza kukonda mbele ya macho yetu, licha ya sombe yote, yale majani ya mihogo, aliyokuwa akila.

Mimi ni fundi wa cherehani. Mashine yangu iko kwenye baraza ya nyumba ya Mama, na ninaishi naye tangu mume wangu alipogundua kwamba hewa ya Kalemie inamfaa zaidi. Kila mtu anajua kwamba Mama, jambo likimwelemea, hunigeukia mimi na kusema, "We unaonaje?" Si kwamba nina akili kuliko wengine. Ni kwamba mimi ndiye niliyebaki. Kwa hiyo kaka, alipochoka na "tutaona," alihamia kwangu. Alikuja kusimama mbele ya mashine nikiwa nashona sare za shule.

"Mwambie aende. We ukimwambia, ataenda."

"Sitamwambia."

"Vita ikirudia hapa, nani atamubeba? We?"

"Mi nitamubeba. Kwani mara ingine wewe ndiye ulimubeba?"

Alinitazama kwa jicho lile la mkubwa kwa mdogo. "We unataka abakie juu usibakie peke yako. Sema tu ukweli."

Nilimrushia mkasi. Haukumpata, na sikukusudia umpate, lakini niliurusha. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Niliiogopa nyumba ile isiyo na kikohozi chake cha alfajiri, isiyo na mtu wa kuniambia kwamba chumvi imezidi. Nilikuwa namtaka Mama abaki, na nilimtaka kwa ajili yangu.

Siku mbili hatukusemezana, mimi na kaka. Tulipitana uani kama wapangaji. Jumapili, tulipotoka kanisani, mvua ikashuka ile ya kweli, inayopiga mabati mpaka watu wanazungumza kwa mikono. Hakuna wa kutoka, hakuna wa kuingia. Mama alichukua ungo wake, akakaa karibu na mlango wa salon, yaani sebuleni, penye mwanga, akaanza kuchambua maharage. Kaka alizunguka ndani ya nyumba mara kadhaa, kisha akaleta sanduku lake, akaliweka juu ya meza ya chakula.

Kujenga nchi kulituchukua muda, na lazima nikiri ilikuwa raha. Mabeseni mawili yaliyofunikwa kwa vitenge vyangu vya wateja yalikuwa milima. Vijiti vya mrenda na mchicha vilikuwa msitu. Kipande cha bashi la buluu, lile turubai lililobaki tulipoziba paa, kilikuwa ziwa, upande mzima wa meza. Katikati tukapanga viberiti vitupu, nikavichorea milango kwa chaki ya kushonea, kikawa kijiji. Kaka alifungua kitabu chake akanisomea. Kila mmoja anapata zamu yake: unapima, unasogeza, unatupa dadu kuona nani amekufa. Rula yake ilikuwa imevunjika safarini, kwa hiyo tulipima kwa utepe wangu wa mapaja na viuno. Mwisho wa zamu zote, jeshi lenye kijiji ndilo limeshinda.

Nilimtazama amejiinamia pale, mwenye furaha kwa mara ya kwanza tangu afike, na damu ikanichemka bila sababu ya maana. Mdomo wangu ukanitangulia, kama kawaida yake.

"Bon," nilisema. "Tucheze juu ya kitu. Mi nikishinda, unaachana na habari ya Mama. We ukishinda, mi mwenyewe nitamwambia aende."

Kaka aliinua kichwa. "Uko nasema kweli?"

"Kweli kabisa."

Tulipeana mikono juu ya kijiji. Mlangoni maharage yaliendelea kuanguka kwenye ungo, moja moja. Mama alijitia hamnazo, na sisi, kwa kelele za mvua, tulijidanganya kwamba hakusikia.

Yeye alichukua watu wa barafu, wenye pembe, na yule mnyama wa mnara. Mimi nilichukua watu wa mto, na vyura wao. Kwa ukarimu wa mtu mwenye uhakika, alinipa nichague upande wa kusimama. Mtu aliyekulia Baraka akiambiwa achague mahali pa kusimama vita inapokuja, hafikirii mara mbili. Nilipanga jeshi langu lote mgongo kwenye ziwa. Milima hupandi na watoto, barabara inakatwa daima, lakini maji yapo wazi, na ng'ambo kuna rasi ya Ubwari, na ng'ambo ya Ubwari kuna nchi ya watu wengine. Nilijiona nimekaa vizuri. Kaka alitabasamu, akageuza uso, akakohoa.

Zamu za kwanza nilimkimbiza mchakamchaka. Vyura wangu waliruka msitu, wakawafikia wapiga mishale wake, na dadu ilinipenda siku ile. Nilipiga kelele. Nilisimama juu ya kiti. Nilimwambia maneno ambayo mtu aliyetoka tu kanisani hapaswi kuyasema. Kaka aliinamia meza. Alipima kwa utepe, akasogeza yule mnyama wake kidogo, akapima tena, akasogeza tena. Mbele ya mnyama alitembea mkuu wa jeshi lake, mwanamke mwenye fimbo, mdogo kuliko askari wote.

Kisha mambo yakageuka. Yule mnyama alipita katikati ya vyura wangu, na kila dadu niliyotupa ilionyesha moja au mbili. Waliobaki wakasukumwa nyuma, nyuma, mpaka visigino vyao vikagusa bashi. Sikuwa na wasiwasi. Nilichukua utepe, nikapima, nikaanza kuwasogeza juu ya maji ili wazunguke watokee nyuma ya kijiji.

"Apana," kaka alisema. "Ku maji hawapite."

"Juu ya nini?"

"Ku kitabu, maji ni ukuta. Askari akifika ku maji, amefika mwisho. Kama hawana fasi ya kurudi nyuma, banakufa bote." Alinigeuzia ukurasa. "Njo maana nilicheka wakati ulichagua."

"Ukuta?" Nilisikia sauti yangu ikipanda juu ya mvua. "Maji ya wapi hiyo ni ukuta? Yaya, sisi tulipita wapi? Tulipita ku hewa? We ulienda Kanada kupitia wapi, kama si kupitia ku hii maji?"

Kaka aliutazama ukurasa, akalitazama bashi, na kidole chake kikabaki kimesimama kwenye mstari. Sijui kama alikuwa amesahau, au kama alikuwa amejifunza sheria za watu wengine vizuri mno. Alikuwa mtoto wa shule tulipovuka ziwa kukimbia vita. Mimi nilikuwa mgongoni mwa Mama, sikumbuki kitu, ninajua kwa kusimuliwa.

"Kitabu njo imesema hivyo," akasema mwishowe, kwa unyonge, akaanza kuwaondoa watu wangu wa mto mezani.

Wakati huo Mama alikuwa amekwisha simama nyuma yetu, ungo umeegemea kiunoni.

"Muko napigania nini?"

"Kijiji, Mama," kaka alisema. "Mwenye kuwa nayo ku mwisho, njo anashinda."

Mama aliinama, akafungua kiberiti kimoja kwa ukucha, akachungulia ndani. Akafungua cha pili. "Batu yake iko wapi?"

"Hakuna batu, Mama. Ni nyumba tu."

"Nyumba bila batu, munapigania nini sasa?"

Kabla hatujajibu, alichota maharage kwenye ungo akaanza kuyagawa. Hapa aliweka matatu, hapa mawili, katika kile kiberiti cha pembeni akajaza kiganja kizima, akasema hao wana mgeni kutoka Fizi. Kaka alianza kueleza kwamba kitabuni hakuna kitu kama hicho. Mama alimwambia kitabu kitulie, zamu hii ni yake.

Akachukua utepe wangu. Akauliza askari mmoja anakwenda kiasi gani kwa zamu moja. Kaka akamwonyesha. Mama akapima nusu yake. "Huyu iko na mutoto mugongoni," alisema, akasogeza harage la kwanza. "Huyu anabeba godoro. Huyu ni muzee, usimusukume." Akawatoa wote kijijini, mmoja mmoja, akiwapanga mstari kuelekea kwenye bashi. Mnyama wa mnara alikuwa njiani. Mama alimtazama kaka tu, na kaka akamrudisha nyuma yule mnyama mpaka njia ikafunguka. Ilikuwa kinyume cha sheria zote, na alifanya haraka.

Walipofika kwenye maji, Mama alitoa kifuniko cha kopo la majarini akakiweka juu ya bashi. Akaanza kupakia. Mimi nilikuwa nimekwisha kusahau jeshi langu. Nilikuwa natafuta maharage yaliyoanguka chini ya meza.

"Mama, mutumbwi imejaa," kaka alisema.

"Ile siku nayo ilijaa."

"Najua. Nilikaa ku mbao ya mwisho. Maji ilikuwa inaingia ku miguu." Alisema hivyo akitazama kifuniko, na akaongeza harage moja mwenyewe, kwa kidole, polepole, pembeni kabisa.

Ndipo Mama alipomwona yule mkuu wa jeshi, mwanamke mwenye fimbo, aliyekuwa amesimama karibu na ufuko. Akamwokota. Akamsogeza mlangoni penye mwanga, akamrudisha, akampeleka tena. Nami nikasogea kutazama. Yule mwanamke mdogo alikuwa amevaa kitenge. Kitenge cha kijani kibichi kilichokolea, na juu yake ndege wa njano, wadogo kiasi kwamba sijui waliwezekanaje kupakwa.

"Hii ni kitenge yangu," Mama alisema.

"Njo ile," kaka alikubali.

"Ile ya mutumbwi."

"Njo ile, Mama."

Mama aliitazama tena, akakunja uso. "Ilikuwa inang'aa kuliko hivi. Hukuipaka muzuri."

"Ilikuwa na maji," kaka alisema. "Mi nilikuwa naiangalia usiku muzima, ikiwa na maji. Sikuangalia kitu ingine."

Nilikuwa ndani ya kitenge hicho usiku ule. Nilisimama pale mezani na utepe shingoni, na hasira zangu zote sikujua zimekwenda wapi. Alikuwa amekaa katika giza lake la saa kumi, mbali na kila mtu, akiwapaka rangi ndege wa Mama.

Mama alimrudisha yule mkuu wa jeshi mahali pake. Alikisukuma kifuniko kuvuka bashi mpaka ukingo wa meza, akashusha maharage yote kwenye kiganja, akayaweka salama juu ya kabati. Kisha akakaa. Mvua ilikuwa imepungua, sasa tuliweza kuzungumza bila kupaza sauti.

"Zamu yangu imeisha," alisema. "Muendelee."

Kaka alishusha pumzi. Kijiji kilikuwa mbele ya mnyama wake, watu wangu wa mto hawakuwa na nguvu tena, na zamu iliyobaki ilikuwa moja. Ushindi ulikuwa mkononi mwake na sote tulijua. Alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu mkono nilikuwa nimekwisha mpa. Alipima mpaka kiberiti cha katikati. Akainua mnyama. Kisha akasita, akainama, akafungua kile kiberiti.

"Mama, kuna moja imebakia."

"Najua."

"Uliisahau."

"Sikuisahau. Huyo haendi."

"Juu ya nini?"

"Iko na mihogo ku maji," Mama alisema. "Amevundika juzi. Akiacha leo, itaoza."

Kaka aliweka mnyama chini. "Mihogo, Mama? Mutu anakufa juu ya mihogo?"

"Nani amesema anakufa? Tulitoka kule ng'ambo, nilikuta majani hapa mpaka ku mulango. Mulango yenyewe ilikuwa haiko. Nililima. Nilipanda. Nilikula ya kwanza, nikapanda ya pili. Sasa muko hapa muko natupa dadu juu yangu kama kuku ya soko, na hakuna mwenye kuniuliza."

"Nilikuuliza, Mama! Kila siku nilikuuliza! Ukasema tutaona."

"Basi," Mama alisema, akionyesha kile kiberiti kwa kidevu. "Umeona."

Kaka alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Na vita ikirudia?"

"Ikirudia, njia najua. Nimewapitisha bote sasa hivi, we mwenyewe umesaidia kupakia. Siogopi kutoka, mutoto yangu. Nikifukuzwa nitatoka, na vita ikiisha nitarudi. Sasa sijafukuzwa."

Nilianza kutabasamu. Nadhani nilitabasamu mapema mno, kwa sababu alinigeukia.

"Na wewe, usicheke. Usifikirie nabakia juu yako. Ukipata bwana mwenye akili, utatoka hapa na mashini yako, na mi nitabakia vilevile."

Kuna maneno yanayokupa kofi na blanketi kwa wakati mmoja, na haya yalikuwa hayo. Nilijisikia mpumbavu, na nilijisikia mwepesi. Kama habaki kwa ajili yangu, basi sikuwa nimemfunga.

Zamu ya kaka ilikuwa bado mezani. Alikaa akiitazama kwa muda mrefu. Angeweza kumwingiza mnyama, kitabu kingemruhusu, na mimi ningetimiza neno langu, maana mimi nina kelele lakini sina uongo. Badala yake alimchukua yule mwanamke wa kitenge cha ndege. Alipima kwa utepe, kwa uaminifu wake wote wa Jumamosi, akamsogeza mpaka kwenye kiberiti. Akamsimamisha mbele ya mlango niliouchora kwa chaki, halafu akamgeuza uso. Sasa mgongo ulikuwa kwenye nyumba, na fimbo ilielekea kwa jeshi lake mwenyewe.

"Nimemaliza," alisema.

"Nani ameshinda?" niliuliza, kwa sababu siwezi kujizuia.

"Kula maharagi yako," kaka alisema, ingawa hata moto ulikuwa haujawashwa.

Tuliyala jioni, pamoja na bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye meza ileile. Mimi nilikunja milima na kurudisha vitenge vya watu kabla hawajajua vilikopelekwa. Majeshi yalirudi kwenye sifongo yake. Ila kile kiberiti, pamoja na harage lake na mlinzi wake, Mama alikihamishia juu ya kabati na kutuonya tusikiguse. Siku chache baadaye kaka aliondoka, sanduku likiwa mapajani tena, na kishimo kimoja kitupu. Koti la baridi alilitundika nyuma ya mlango wa Mama. Mama hulivaa alfajiri za kiangazi, akienda shamba, na watu humcheka.

Tangu hapo kila Jumapili kaka anapiga simu, na kabla hajauliza afya ya mtu anauliza, "Askari yangu iko?" Mama anainua macho kwenye kabati. "Iko. Imesimama." Harage lenyewe liliwahi kuliwa na panya. Mama alitia jingine akaniambia nifunge domo, na mpaka leo kaka hajui.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaisha, tuliamka na uvumi wa vita. Hakuna aliyekuwa na habari kamili, lakini wa barabara ya juu walikuwa wamefunga mizigo, na ikiwa hao wamefunga, wa chini hawaulizi tena. Nilifungua mashine kutoka kwenye meza yake, nikaifunga kwa shuka, nikiwatukana watu nisiowajua. Nilimwita Mama, hakuitika. Niliingia chumbani, hayupo. Nilipotokea salon macho yangu yalikwenda juu ya kabati. Kiberiti kilikuwepo. Mlinzi hakuwepo.

Wakati huohuo simu ikalia, na ilikuwa kaka, siku isiyo Jumapili, sauti imekauka. Habari zilikuwa zimemfikia huko kabla sisi hatujazielewa.

"Mama iko wapi?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema sijui. Ndipo nilipomwona, kupitia mlango ulio wazi, anapandisha njia ya kutoka mtoni, koti la Kanada mwilini, beseni la mihogo iliyolainika kichwani, maji yakimtiririkia shingoni. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea mwendo wake.

"Alienda kutoa mihogo ku maji," nilisema.

Upande wa pili nikasikia kaka akicheka, kicheko chenye machozi ndani yake, na hakuniambia nimwambie Mama chochote.

Mama alishusha beseni uani. Alitazama shuka lililofunga mashine yangu, akasema niifungue, amekutana na watu wa barabara ya juu wanarudi na magodoro yao, wakigombana ni nani aliyeanza kusema. Kisha akaingia ndani, akafungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake, akamtoa yule mwanamke mdogo mwenye fimbo, akamfuta maji kwa kidole gumba, akamsimamisha tena mbele ya mlango wa kiberiti.

"Ni yaya yako huyo ku simu?" aliuliza.

"Njo yeye."

"Mwambie askari yake amenisindikiza muzuri."